Jiwe la Nyuma ya Tanuru

Kwa miaka kumi na moja mzee mmoja alikuwa akifika kwenye lango la maabara ya miamba na mfuko wa mawe begani, na walinzi walishazoea kumtania. "Mzee wa Mawe, leo umetuletea mlima gani?" wangemuuliza, naye angewajibu kwamba mlima wenyewe umebaki nyumbani umepumzika, hiki ni kidole chake tu. Kisha wangempigia simu binti yake atoke kumpokea.

Binti huyo alikuwa mpimaji, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, kifungua mimba wa mzee. Wenzake walimwita Bi Vipimo, kwa sababu hata sukari ya chai aliitia kwa jicho la mtu anayempa mgonjwa dawa. Kazi yake ilikuwa kupokea mawe ya makampuni na ya watu binafsi, kuyasaga yawe unga, kuuyeyusha unga ule kwenye jiko kali la umeme, na mwishoni kutazama kama chini ya chungu imebaki chembe ya dhahabu. Mawe ya baba yake aliyapima saa ya chakula. Mkuu wa maabara, mtu mpole asiyependa makuu, alilijua jambo hilo na akalifumbia macho.

Majibu hayakubadilika hata siku moja. Hakuna kitu.

Wala hapakuwa na sababu ya kuwa na kitu. Huko kwao palijulikana kwa udongo wa matofali, basi. Kwenye ramani kubwa iliyotundikwa ofisini, sehemu zenye madini zilijaa vidoti vyekundu kama mtoto mwenye surua. Kwao palipakwa njano tupu, bila doa. Lakini baba yake alikuwa dereva wa mtambo wa kuchimba visima vya maji, na kwenye kisima cha mwisho kabla hajastaafu, mtambo ulitema vipande vya jiwe jeupe lenye mistari ya kutu. Msimamizi alisema vitupwe. Yeye akavitia mfukoni, na tangu siku hiyo hakukaa akatulia.

"Mwanangu," alipenda kusema, "kila penye dhahabu leo, kuna siku palikuwa hapajulikani. Na hiyo ramani yenu ilichorwa na nani? Na mtu tu. Tena huenda siku aliyopita kwetu alikuwa na njaa, akapaka njano akaenda zake."

Bi Vipimo alicheka, akapima, akasema hakuna kitu. Mama yake alipofariki, miaka mitatu nyuma, kicheko kikapungua lakini kupima hakukukoma. Mzee alikuwa amekauka. Siku nyingine hakutoka kitandani mpaka jua la adhuhuri, na kilichomtoa kilikuwa nyundo yake ndogo na huo mfuko. Binti akaona kwamba akikataa kuyapokea yale mawe, atakuwa amemkatia baba yake kamba ya mwisho.

Jiwe lililoleta yote haya lilitoka nyuma ya tanuru la mdogo wake. Mdogo huyo wa kiume ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa nyumba ile, na hata alipoota ndevu na kuoa, watu waliendelea kumwita Kitinda. Alikuwa mchoma matofali, mwenye mabega ya kubeba na mdomo wa kuchekesha. Alikuwa akichimba udongo wake kama kawaida, akagonga mstari wa jiwe jeupe, akampelekea baba yake kipande kwa mzaha, akisema labda hiki ndicho.

Siku Bi Vipimo alipolisaga jiwe lile, mashine ilikuwa na foleni tangu asubuhi, saa ya chakula ilikuwa inakatika, na mkuu alikuwa akimsubiri kwenye kikao. Alifanya haraka haraka. Jioni alipotazama ndani ya chungu, palikuwa na chembe ya manjano, ndogo kuliko kichwa cha pini. Aliipima mara tatu kwenye mizani. Gramu nane kwa tani. Yapo machimbo makubwa yanayopata gramu mbili na kushukuru.

Kanuni ya kazi yake ilisema kwamba kipimo kimoja si jibu. Jibu ni kipimo kilichorudiwa. Aliijua kanuni hiyo kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Hata hivyo alitoka nje akapiga simu.

"Baba, lile jiwe la nyuma ya tanuru lina kitu."



"Rudia," mzee alisema.

"Lina dhahabu, Baba. Lakini tusiharakishe kushangilia, nataka mawe mengine nirudie..."

"Rudia tena polepole. Nimesimama mbele ya picha ya mama yako. Nataka asikie."

Akarudia.

Wiki ya tatu tangu baba na Kitinda waanze kuchimba, siku ya Jumapili, alikwenda kuwatazama. Shimo lilikuwa nyuma ya tanuru, pana kama mlango wa nyumba, nalo lilikuwa limeshuka kimo cha watu watano. Juu yake walisimamisha magogo yenye roda, na ndoo ilipanda na kushuka kwa kamba. Baba ndiye aliyeshika kamba. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati lililopigwa pasi, na mashavu yake yalikuwa yamerudi. Bi Vipimo alisimama akamtazama kama mtu aliyekutana na ndugu aliyedhaniwa kapotea.

"Dada, umekuja na gunia?" sauti ya Kitinda ilitoka chini. "Maana huku sisi tunachota tu."

"Nimekuja kukuangalia wewe."

"Basi niangalie vizuri leo. Nikishatajirika nitakuwa siangaliki."

Aliinama akachungulia. Kuta zilishikiliwa na magogo kwa kimo cha watu wawili tu. Chini ya hapo ulikuwa udongo mtupu, mwekundu, unaong'aa kwa unyevu.

"Mbona magogo yameishia hapo juu?"

"Udongo huu nimeukanyaga tangu nina miaka tisa," Kitinda alijibu. "Ukikauka ni jiwe."

"Na ukilowa?"

"Ukilowa ni tofali."

Wote wakacheka, na yeye akacheka. Mkewe Kitinda, mja mzito wa miezi sita, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha tanuru akichambua mboga. Yeye peke yake hakucheka. "Wifi, mwambie huyu," alisema. "Mimi nikisema naambiwa ni mimba inayoongea."

"Wiki ijayo tutaongeza magogo," baba alisema. "Kwanza tuufikie mwamba."

Bi Vipimo aliondoka na mawe saba yaliyotolewa chini kabisa, ameyafunga moja moja kwa gazeti.

Jumanne alipata majibu yake. La kwanza halikuwa na kitu. La pili vivyo hivyo. La tano nalo lilikuwa tupu, na la saba alilitazama kwa ajili ya kutimiza tu. Akaenda kwenye kabati alikohifadhi nusu ya lile jiwe la kwanza, maana hakuwahi kusaga jiwe zima. Safari hii alifuata kanuni yote. Kabla ya kutia jiwe jipya kwenye mashine, unasaga kwanza konzi ya mchanga safi ili kutoa mabaki ya jiwe lililotangulia. Alikuwa amewafundisha hivyo wafanyakazi wapya mwaka hadi mwaka. Alisaga mchanga mara mbili, akasaga nusu ile, akayeyusha, akasubiri. Chungu kilikuwa kitupu.

Hapo akafungua daftari la chumba cha kusagia, akaitafuta tarehe. Juu ya mstari wa jiwe la baba yake palikuwa na mwandiko wa mwenzake: jiwe kutoka machimbo makubwa ya mbali, dhahabu inaonekana kwa macho. Siku ile, kwa haraka ya kikao, yeye alikuwa ameipuliza mashine na kuipangusa kwa brashi, basi. Kilichobaki mle ndani, vumbi lisilojaza ukucha, ndicho alichokipima akakiita cha kwao.

Alikaa kwenye kiti cha chumba kile, mashine imezimwa, akapiga simu.

"Baba, hamjambo huko?"

"Hatujambo kabisa. Nikuambie kitu? Jana nimelala mpaka kukakucha. Tangu mama yako aondoke sijalala hivyo. Na asubuhi nimekwenda kaburini kumwambia."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia hakuolewa na mwendawazimu." Mzee akacheka kidogo, akakohoa. "Haya, mawe yangu saba yamesemaje?"

Maneno yalikuwa mdomoni. Aliyasikia kabisa ladha yake. "Bado, Baba. Kuna foleni."

"Hakuna haraka, mama. Dhahabu haiozi."

Alipokata simu alijiambia kwamba habari kama hiyo haipelekwi kwa simu. Jumamosi atakwenda mwenyewe, atakaa na baba yake, atamshika mkono. Kati ya Jumanne na Jumamosi wangepoteza jasho tu, na jasho huoshwa. Alijipangia hivyo, na mpango ukaonekana wa heshima.

Jumatano mvua ilinyesha kutwa. Alimwandikia mdogo wake ujumbe wasishuke shimoni, naye akajibu, "Sawa mkubwa, leo tunacheza karata na mzee ananiibia." Alhamisi jua likatoka. Saa tisa alasiri simu ikalia, na ilikuwa wifi yake.

"Wifi, njoo. Ardhi imemfunika."

Alifika wachoma matofali wa eneo zima wakiwa wameshakusanyika, wanachimba kwa zamu, makarai yakipita mkono kwa mkono. Udongo waliokuwa wakiutoa ulikuwa mzito, unashika sepetu kama gundi, na kila walipotoa karai moja ukuta ulidondosha nusu yake. Baba alikuwa amekaa ukingoni, kamba mkononi. Ukuta ulipoanza kumeguka, Kitinda alikuwa ameishika kamba ile, na mzee alikuwa amevuta; kisha uzito ukawa mwingine kabisa, na yeye akaendelea kuvuta. Hakuiachia tangu saa nane. Walipotaka kumtoa, ngozi ya viganja ilibaki kwenye nyuzi.

Walimfikia Kitinda jua likiwa linazama. Alikuwa amesimama, mikono juu, kama mtu anayevua shati. Wanaume wanne walimtoa, wakamlaza kwenye mlango wa mbao walioung'oa kwenye kibanda chake, na wifi akaja na ndoo ya maji akaanza kumsafisha uso, masikio, kope, bila kulia, akikataa kila mkono uliotaka kumsaidia.

Siku ya tatu baada ya mazishi, watu walipokuwa wamepungua, mzee alimwita binti yake chumbani. Alikuwa amefungwa viganja vyote viwili kwa bandeji.

"Kesho kutwa naanza tena," alisema. "Nimeshaongea na vijana wawili wa kunisaidia."

"Unaanza nini, Baba?"

"Shimo. Nikiacha sasa, mwanangu atakuwa amekufa bure. Lazima kitoke alichokifuata. Kitamlea mtoto wake."

Wifi alikuwa mlangoni, ameshika beseni la nguo. Bi Vipimo alimwona, na akatambua kwamba hakuna mahali pengine pa kusemea wala saa nyingine.

"Hakuna dhahabu, Baba," alisema. "Haikuwepo. Ilikuwa vumbi la jiwe la watu wengine, lilibaki kwenye mashine. Sikusafisha mashine. Nimerudia jiwe lile lile, halina kitu. Na yale saba hayana kitu."

Mzee alimtazama muda mrefu, kama anayesoma maandishi madogo.

"Ulijua lini?"

Angeweza kudanganya. Hakuna ambaye angejua. "Jumanne."

"Jumanne," mzee akarudia. "Jumanne ulinipigia simu."

"Ndiyo."

"Nikakuambia nimelala vizuri."

"Ndiyo, Baba."

Mzee akainamisha kichwa. Alielewa, na kule kuelewa kwake kulimkata binti kuliko kama angempiga. Wifi aliliweka beseni chini taratibu, maji yasimwagike.

"Jumanne alikuwa hai," wifi alisema. "Jumanne alikuwa anakula hapa, pale ulipokaa wewe."

"Wifi yangu, nisamehe..."

"Usiniite hivyo." Hakupandisha sauti. "Mimi nilikuambia umwambie. Ulikuwa na la kumwambia, ukaliweka kabatini."

Kesho yake asubuhi ndugu wa wifi walikuja wakambebea vitu vyake. Miezi mitatu baadaye alijifungua mtoto wa kiume, na habari hizo Bi Vipimo alizipata kwa mtu wa tatu. Alituma nguo za mtoto. Zikarudi zimekunjwa vile vile.

Kazini alimwandikia mkuu barua akaeleza kila kitu, hata siku alizokaa kimya. Mkuu aliisoma mbele yake, akavua miwani. "Kosa la mashine nitakuadhibu," alisema, "kwa sababu hilo liko ndani ya kanuni zangu. Hili lingine sina karatasi yake." Akamtoa kwenye vipimo, akamweka kaunta ya kupokea mawe. Wenzake wakaacha kumwita Bi Vipimo. Hakuna aliyewaambia waache.

Yangeishia hapo yangekuwa machungu ya nyumba moja. Lakini siku ile ya mazishi, watu walipokuwa wamesimama kwenye kaburi, wengine walikuwa wakitazama udongo kwa namna nyingine. Mtu hafi shimoni bila sababu, walisema. Mzee yule amehangaika miaka kumi na moja, na binti yake anafanya kazi huko huko wanakopima. Haukupita mwezi, mashimo sita yakawa yamefunguliwa kando ya tanuru, kisha kumi na mawili. Waliochimba walikuwa wachoma matofali, fundi baiskeli, mwalimu mmoja aliyeomba likizo, na wageni ambao hakuna aliyejua wametokea wapi.

Binti alikwenda kuwaambia, na karatasi ya majibu mkononi, yenye muhuri.

"Si wewe uliyepima ukakuta gramu nane?" fundi baiskeli alimuuliza.

"Nilikosea."

"Ulikosea mlipokuwa mnachimba nyinyi, au ulikosea tulipoanza sisi?" Wakacheka, na karatasi yake ikapita mkono kwa mkono mpaka ikapotea.

Ndipo mzee alipokwenda mwenyewe. Aliwahi kuwashika watu hao hao vifungo vya mashati njiani, mwaka hadi mwaka, akiwaelezea habari za jiwe jeupe na ramani iliyochorwa na mtu mwenye njaa. Sasa alisimama kwenye kila shimo, akavua kofia, akasema hapa hapana kitu, jamani, mimi nilikuwa najidanganya. Walimjibu kwa adabu, maana alikuwa mfiwa. "Pole, Mzee," walisema. "Tunaelewa, si rahisi kuwaachia wengine." Kisha wakageuka wakaendelea kuchimba. Alikuwa amewafundisha kuamini, na hakuwa na namna ya kuwafundisha kuacha.

Jumamosi moja binti alimkuta kwenye banda la tanuru la marehemu, anang'oa magogo ya paa moja baada ya jingine. Viganja vyake vilikuwa vimepona vibaya na havikunjiki vizuri, kwa hiyo alishika sururu kwa vidole tu.

"Unafanya nini, Baba?"

"Wale wa shimo la tatu wamefika kimo cha watu wanne bila gogo hata moja," alisema. "Wamekataa kutoka. Basi washikilie kuta kwa magogo haya."

Hakuwa amemwambia neno tangu siku ile chumbani, na hata sasa hakumtazama. Binti aliweka mkoba wake chini, akavua viatu, akashika upande wa pili wa gogo. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Wakalibeba mpaka shimo la tatu, mzee akaita chini, na mwalimu aliyekuwa humo akainua uso uliojaa udongo akaomba wamwachie aendelee, wasimkatize.

"Hatukukatizi," mzee alisema. "Pokea hili. Lisimamishe pembeni, halafu nitakuambia la pili likae wapi."

Mwalimu akasita, kisha akanyoosha mikono. Walipomaliza la kwanza, baba na binti wakarudi bandani kuchukua lingine. Yalikuwa yamebaki magogo kumi na manne, na mashimo yalikuwa kumi na mawili, wala hakuna shimo lililotosheka kwa gogo moja.